Soketi zetu na baridi ya Uingereza

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nyumba ya Kiingereza yenye umeme ilikuwa na plagi za kila saizi. Pini zote zilikuwa za mviringo, lakini ya taa ya mezani ilikuwa ya ampea 2, ya redio ampea 5, na ya hita ampea 15, wala moja haikuingia kwenye tundu la mwenzake. Kwa kawaida kila soketi ilivutiwa waya wake kutoka kwenye fyuzi yake. Ukitaka soketi sita, ulihitaji fyuzi sita na nyaya sita zinazotawanyika kama matawi. Gharama hiyo iliwashinda wengi. Wengine walichomeka pasi kwenye holda ya taa ya darini, wakapiga pasi huku waya ukining'inia juu ya vichwa vyao.

Kisha mabomu ya Wajerumani yakabomoa mitaa mizima. Vita ikiwa bado haijaamuliwa, serikali ilianza kupanga namna ya kujenga upya, na mwaka 1942 iliundwa kamati ya kuangalia umeme wa nyumbani chini ya taasisi ya wahandisi wa umeme. Ilikuwa na wajumbe 20, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett. Yeye alikuwa mkurugenzi wa Chama cha Umeme cha Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1924, na kazi yake kubwa maishani ilikuwa kuwapunguzia akina mama kuni, makaa na majivu. Mama huyu aliupenda umeme kiasi kwamba katika wosia wake aliomba mwili wake uchomwe kwa umeme.

Ripoti ya kamati ilitoka mwaka 1944, na ndani yake mlikuwa na jambo ambalo mataifa mengi hayakulifuata. Waya wa soketi hauishii kwenye soketi ya mwisho. Unatoka kwenye fyuzi ya ampea 30, unapita soketi zote za nyumba, halafu unarudi kwenye fyuzi ileile. Ni pete. Umeme unaifikia kila soketi kwa njia mbili, hivyo waya unaomudu kama ampea 20 tu unaweza kutumika chini ya fyuzi ya 30, maana mzigo unagawanyika pande mbili. Pete moja iliruhusiwa kuhudumia eneo la takriban mita za mraba 100.

Wengi husema pete ilibuniwa kwa sababu shaba ilikuwa adimu wakati wa vita. Kuna ukweli hapo, maana pete hula shaba kidogo kuliko nyaya sita. Lakini mimi naona baridi ilichangia vilevile. Nyumba zile zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, chumba kimoja kimoja, na kamati ilitaka familia iweze kubeba hita ya kilowati 3 na kuichomeka chumba chochote inachokaa. Kwa volti 240, hita hiyo hula ampea 12.5. Ndipo ikapatikana ile namba 13 iliyoandikwa kwenye soketi zetu hadi leo. Fyuzi ya 30 inabeba hita mbili kwa wakati mmoja na kubakiza kidogo, na nani angewasha hita vyumba vyote kwa pamoja?

Tatizo lilibaki kwenye waya mwembamba wa taa. Ukipiga shoti, fyuzi ya 30 inaweza kuchelewa kukatika hadi waya uwake moto. Kwa hiyo fyuzi ndogo ikawekwa ndani ya plagi yenyewe: ya ampea 3 kwa taa, ya 13 kwa hita. Plagi hiyo ya pini bapa iliwekewa kiwango rasmi mwaka 1947. Pini ya juu, ya athi, ni ndefu kuliko nyingine ili itangulie kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, na kidole cha mtoto kisipenye. Usalama huo wa watoto Haslett aliupigania sana.

Ujerumani haikupita njia hiyo. Plagi yao ya pini mbili za mviringo, yenye athi pembeni, ilikuwepo tangu miaka ya 1920, nao wakabaki na matawi. Kila tawi lina breka yake, siku hizi ya ampea 16, na plagi haina fyuzi. Marekani nayo hutumia matawi, ya ampea 15 au 20 kwa volti 120. Kwa mpango huo, hitilafu ikitokea chumba kimoja huzimika na fundi anajua pa kuanzia.

Pete ina ugonjwa wa siri. Ikikatika mahali pamoja, hakuna kinachozimika. Soketi zote zinaendelea kufanya kazi, ila sasa mzigo wote unaweza kupita upande mmoja, kwenye waya wa ampea 20 unaolindwa na fyuzi ya 30. Waya huchemka ukutani na wenye nyumba hawana habari. Mafundi wa Uingereza wenyewe wanabishana kama pete iachwe, ingawa kanuni zao za mwaka 2018 bado zinairuhusu.

Kwetu ilifika na utawala wa Waingereza, ndiyo maana soketi ya Mombasa, Kampala au Unguja ni ileile ya London, na ukisafiri kutoka Kigoma hadi Bujumbura, walikotawala Wabelgiji, unakutana na pini mbili za mviringo. Lakini baridi haikuja nayo. Nyumba ya Dar es Salaam haina hita ya kuhamishwa chumba hadi chumba. Mzigo wake mzito uko jikoni, na kiyoyozi huvutiwa laini yake. Kwa nyumba kama hiyo, matawi mawili matatu yenye breka za ampea 20 yanatosha, na ni rahisi kuyapima.

Kibaya zaidi ni pale fyuzi ya plagi inapoungua na mtu akaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake. Katika nyumba yenye pete, ameondoa kinga pekee ya waya mwembamba. Iliyobaki ni ile ya ampea 30. Anayetaka kujua nyumba yake ya zamani ilifungwa vipi amwite fundi. Akishazima meni switchi na kufungua kisanduku, nyaya mbili za moto zikiwa zimeshikwa na fyuzi moja ya 30, huenda hiyo ni pete. Hapo azichomoe zote mbili na kupima kwa mita kama ncha moja bado inawasiliana na nyingine, kisha afanye hivyo kwa nyutro na kwa athi.