Tura, mahali pa kutua mzigo

Najua nilipotea. Kazi za gazeti mnazijua, mhariri anataka leo habari ya jana. Basi wiki iliyopita niliomba ruhusa ya siku nne nikaenda nyumbani Tura, mkoani Tabora, na boksi moja nimelipakata mapajani safari nzima kutoka Dar es Salaam. Kondakta alitaka liende kwenye buti, nikakataa katakata. Ndani mlikuwa na monita ya kompyuta. Msinicheke kwanza, nisikilizeni.

Miaka miwili iliyopita mama alinipa laki mbili za asali nimnunulie mdogo wangu monita. Dogo alikuwa amepata sipiyu ndogo ya mtumba, akitaka kujifunza kuchapa kazi za watu, na jioni acheze gemu za mpira na wenzake. Mimi msomi wa chuo kikuu, mwandishi wa habari, nikaingia duka moja la Kariakoo nikauliza bei tu. Nikatoka na kioo bapa kikuukuu, kizuri kwa macho. Kufika nyumbani, nyuma kina tundu moja tu, la VGA. Sipiyu ina HDMI. Nikanunua waya wa bei chee wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili. Dogo akapiga simu: "Kaka, unaingia vizuri ila kioo cheusi." Baadaye nikaelimishwa kwamba HDMI inatoa mawimbi ya kidijitali na VGA inapokea ya analogia, hivyo waya mtupu hauwezi, lazima kiwepo kigeuzi chenye saketi ndani. Tukanunua kigeuzi. Wiki tatu baadaye taa za ndani zikafifia mpaka maandishi hayasomeki. Muuzaji akasema mali ya mtumba hairudishwi.

Mama hakunilaumu. Alichukua kitambaa chake cha kufuma akaifunika ile monita, ikakaa pembeni ya kabati kama picha ya marehemu. Kila nikienda nyumbani naiona. Afadhali angenigombeza.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kijiji chetu kinajua habari za kuchagua bidhaa kuliko mimi. Richard Burton na John Speke walipita Tura mwaka 1857 wakielekea Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Burton aliandika kwamba jina Tura maana yake ni "tua", yaani weka mzigo chini. Mantiki yake iko wazi. Misafara iliyotoka pwani ilivuka Ugogo, kisha ikaingia nyika ya Mgunda Mkali, isiyo na maji ya uhakika wala chakula cha kununua. Ukiibuka upande wa pili, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi ni hapa. Pagazi aliyebeba frasila mbili, kama kilo 32 hivi, hapa ndipo alipotua.

Alitua nini? Alitua mtumba. Ndiyo, neno lile lile! Leo tukisema mtumba tunafikiria suruali za Ulaya na kompyuta zilizotumika, lakini zamani mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya bega la pagazi. Na nguo yenye jina ilikuwa merikani, pamba iliyofumwa viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem. Marekani na Sultani Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akafungua ofisi Unguja. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ilipokata pamba, Waingereza na baadaye viwanda vya Bombay wakaleta nguo za kuiga merikani. Feki hazikuanza na simu za Kichina, jamani.

Ila mtihani mkubwa ulikuwa shanga. Burton alihesabu aina zipatazo 400 sokoni, nyingi zikitoka Venice. Nyekundu za samsami zilipendwa mpaka zikabandikwa jina la kuvunja miji, eti wanawake walizipenda kupita kiasi. Lakini rangi iliyopendwa Ugogo ungeweza kuikuta imedharauliwa Unyamwezi, na mtindo ulibadilika kabla msafara haujafika. Mfanyabiashara aliyenunua Unguja kwa kuangalia bei tu, bila kuuliza watu waliotoka bara, alijikuta na mizigo isiyonunua hata kuku. Kubeba kilo 32 miezi mitatu, halafu unaambiwa hizi hatutaki! Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mtu mmoja aliyebeba monita ya VGA. Yule wa shanga angalau alikuwa na kisingizio cha umbali.

Vioo navyo vina safari yake. Bomba la kioo lililozaa televisheni na monita zile zenye kisogo lilibuniwa na Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Wakati huo Wajerumani wenzake walikuwa wameshaikalia Tabora, miaka minne tu baada ya Mtemi Isike kufa ngome yake ilipovunjwa, Januari 1893. Reli yao ilifika Tabora mwaka 1912, ikipita papa hapa Tura, na mapagazi wa njia hii wakakosa kazi. Lakini kioo cha Braun hakikupanda hiyo treni kwa miaka mingi sana.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi za hesabu zilipohamishiwa kwenye mashine bila maandalizi, zikavurugika na hasara ikawa kubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Marufuku ikalegezwa polepole katika miaka ya 1980. Wazanzibari walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, sisi wa bara tukasubiri mpaka 1994 vilipoanza vituo vya watu binafsi. Kwa hiyo mama yangu alikuwa mtu mzima kabla hajaona kioo kinachowaka. Wengine tunakicheka kizazi chao kwa kushangaa rimoti, tukisahau kwamba hawakunyimwa akili, walinyimwa bidhaa.

Haya, safari hii dogo alitoa pesa yake ya karanga, nami nikafanya kama mfanyabiashara mwenye akili wa njia ya misafara. Niliuliza kwanza waliko watumiaji. "Mnakaa wapi mkiangalia?" Dogo akasema yeye yuko mezani, wenzake kwenye mkeka huku na huku, mama kwenye kigoda karibu na mlango. Jibu hilo peke yake lilichagua aina ya kioo. Kile cha TN ni rahisi na chepesi kwa gemu, lakini ukikitazama kwa upande rangi zinageuka. Kile cha IPS, kilichotoka maabara za Hitachi miaka ya 1990, kinaonekana vizuri hata kutoka mlangoni. Nikachukua IPS.

Muuzaji akanisukumia ya hezi 144, eti ndiyo ya gemu. Hezi ni mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde. Sipiyu ya dogo haifikishi hata picha 60, sasa hizo nyingine nitazilipia nani azione? Nikabaki na ya hezi 75, inchi 24, nukta 1920 kwa 1080. Ukubwa huo maandishi yanasomeka na mashine ndogo haielemewi. Taa zake ni za LED, inakula kama wati 25, wakati monita yenye kisogo ya inchi 17 ilikula 70 na zaidi. Kwa nyumba inayohesabu uniti za LUKU hilo si dogo. Nikahakikisha tundu la HDMI lipo. Nikaomba iwashwe pale pale dukani, kwanza kwa rangi nyeupe halafu nyeusi, nikitafuta nukta zilizokufa. Muuzaji alinuna, nikamwacha anune. Nikaomba risiti yenye dhamana imeandikwa. Pesa iliyobaki ikanunua spika ndogo, maana monita hiyo haina sauti, na kidhibiti umeme.

Nilifika Tura asubuhi.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini tena?"

Hilo "tena" lilinipata. Nikatua boksi, dogo akachomeka. Ikawaka. Watoto wa jirani wakaja na mpira wa kwenye kioo ukaanza, kelele nyumba nzima. Usiku dogo akachapa barua ya kwanza ya mteja, mwalimu mmoja aombaye uhamisho. Mama alikuwa kimya kwenye kigoda chake. Baadaye aliinuka, akaenda kwenye kabati, akakitoa kile kitambaa kwenye monita ya zamani, akakikung'uta mlangoni, akakiweka juu ya ile mpya.

"Mkimaliza mfunike," alisema. "Vumbi."