Chombo Chakavu cha Marehemu: Kutoka Ikombe Hadi Kisiwani Kwetu



Ukitaja Mbeya na Iringa, watu hufikiria baridi, chai na viazi. Vyombo vya majini havimjii mtu akilini. Lakini teremka kutoka Tukuyu hadi Kyela, utafika Ziwa Nyasa na kukuta mitumbwi imelazwa ufukweni kama kwetu. Hata Iringa ilikuwa na ufukwe wake, kwa sababu Ludewa ilihesabiwa mkoa huo hadi Njombe ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Ziwa hilo lina meli iliyoitwa MV Iringa, na asiyejua habari hiyo hucheka: Iringa na meli wapi na wapi?

Naandika haya kwa sababu ya jambo linalotupata wanawake wengi. Mume au baba amefariki, ameacha chombo cha tanga alichokiunda mwenyewe uani. Kimekaa juu, mbao zimeachana, tanga limeoza. Wanaume wa ukoo wanasema ni kuni. Je, kweli ni kuni?

Tuanzie Ikombe, kijiji cha Wakisi chini ya milima ya Livingstone, karibu na Matema. Wafinyanzi wa huko ni wanawake. Chungu hukizungusha kwa mkono juu ya kisahani, hukipaka udongo mwekundu, hukitia nakshi nyeupe, kisha hukichoma. Soko lao ni Matema siku ya Jumamosi. Milima inashuka karibu hadi majini, kwa hiyo vyungu huenda kwa mtumbwi, na kutoka Matema hupanda hadi Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Biashara nzima ya mwanamke imebebwa na gogo moja lililochongwa. Na hapo ndipo kwenye shida: mtumbwi wa gogo ukipasuka unaweza kuziba, unaweza kupiga kiraka, lakini huwezi kutoa upande uliochoka ukatia mpya. Anayeurithi anarithi na uzee wake.

Chombo cha mbao kina bahati nyingine. Ufundi huo nao ulifika Nyasa, pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Nkhotakota karne ya 19 chini ya watawala walioitwa Jumbe. Waliunda majahazi ziwani kama ya kwetu. Tusifiche, majahazi hayo yalivusha watumwa, na historia ya ufundi wetu ina doa hilo. Baadaye zikaja meli za moshi. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli ikitengenezwa, ndipo Waingereza walipokuja na Guendolen wakaipiga. Nahodha wa Kijerumani hata hakuwa na habari kwamba vita vimeanza!

Sasa mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kinachonivutia kuliko vyote ni mtepe. Huu ulikuwa chombo cha Lamu na visiwa vya Wabajuni, na mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari. Tanga lake lilikuwa mkeka. Mishono ikichakaa, inafumuliwa na kushonwa upya, kama gauni linalopanuliwa. Na kazi ya makumbi tunaijua ni ya nani: kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja huyafukia ufukweni miezi, huyafukua, huyaponda, ndipo husokota kamba. Mwaka 2003 mtepe uliundwa upya Zanzibar na kuwekwa Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Katika Suratul Qamar jahazi la Nabii Nuhu (a.s.) limeelezwa kuwa la mbao na kitu kingine ambacho wafasiri wengi wamesema ni misumari, na wengine wakasema ni kamba za kufungia. Kila nikifika aya hiyo naukumbuka mtepe.

Basi chombo chako kikaguliwe kabla ya kukatwa. Kwanza mkuku na mataruma. Hivyo vikiwa vizima, mwili upo, mengine ni nguo. Ubao uliooza usiutupe, ndio patani ya ubao mpya. Mafundi huingiza pamba yenye mafuta katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, ndiyo kukalafati. Ubavuni hupakwa sifa, na chini hupigwa deheni ya chokaa na shahamu. Mkuku ukiwa umeliwa, hapo nakubaliana na wanaume wa ukoo.

Tena ubovu si aibu. Sisi tunaosoma Suratul Kahf kila Ijumaa tunakijua chombo cha wale masikini, ambacho Khidhr alikitoboa ili mfalme mporaji asikitamani. Kasoro ndiyo iliyowabakishia riziki yao.

Linalobaki ni mirathi, na hapa wanawake wengi huondoka mikono mitupu. Chombo ni mali kama nyumba. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, kinathaminiwa na kugawanywa. Tuseme kina thamani ya shilingi 3,200,000, na marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, wazazi wake hawapo. Mjane ana thumuni, 400,000. Kijana anapata 1,400,000, na kila binti 700,000. Akikitaka kijana, awalipe mama na dada zake. Wakikubaliana kukiweka pamoja, chombo kina fungu lake katika kila mavuno ya samaki, mbali na fungu la mabaharia, na fungu hilo ndilo litakalogawanywa kwa hisa hizo hizo.

Thamani iandikwe mbele ya mashahidi kabla fundi hajagusa ubao. Kikishatengenezwa bei hupanda, na aliyelipia mbao na pamba ataanza kusema chombo chote ni chake. Kwa hiyo gharama za fundi nazo ziandikwe, nani katoa ngapi, hata kama ni wewe uliyeuza bangili yako kununua tanga.