Zambarau kwa Kibodi, Kijani kwa Kipanya

Mgongoni mwa kompyuta nyingi za mezani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuna matundu mawili ya duara, yamefanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. La zambarau ni la kibodi, la kijani ni la kipanya. Rangi hizo zilitoka kwenye mwongozo wa PC 97 wa Microsoft na Intel. Kabla yake ilikuwa rahisi kukosea: plagi iliingia popote, ila kipanya hakikufanya kazi.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na tundu la kibodi, nene, la pini 5, lakini haikuwa na la kipanya. Vipanya vilipokuja, vingi vilichomekwa kwenye tundu la siriali la pini 9, lile lile lililogombaniwa na modemu. Mwaka 1987 IBM ikatoa kompyuta za Personal System/2, kila kifaa kikapata tundu lake dogo la pini 6. Jina la PS/2 likabaki kwenye tundu hata kompyuta zenyewe ziliposahaulika. Kasoro yake ni kwamba ukichomoa kibodi kompyuta ikiwa imewaka, mara nyingi hukulazimu uizime na kuiwasha upya. Ukiwa na bahati mbaya, fyuzi ya madabodi huungua.

USB ilizinduliwa mwaka 1996 kuondoa adha hiyo: chomeka, chomoa, wakati wowote, na kifaa chochote. Kwa miaka miwili watengenezaji walisitasita, hadi Apple ilipotoa iMac mwaka 1998 bila tundu lake la zamani la kibodi. Soko likafuata.

Hata hivyo PS/2 ina ubora wake. Kitufe kikibonyezwa, kibodi ya PS/2 hukikatiza kichakata papo hapo. Ya USB husubiri kuulizwa, kwa kawaida mara 125 kwa sekunde. Kwa anayeandika barua, tofauti hiyo haihisiki kabisa. Ndiyo maana USB ilishinda: watu walitaka tundu moja la kila kitu.

Lakini tundu la kila kitu huingiza pia flashi yenye virusi. Baadhi ya ofisi zinazolinda siri huziba USB zote na kutumia PS/2, kwa kuwa haipokei kitu zaidi ya kibodi na kipanya. Ndiyo sababu moja ya tundu hilo kuendelea kuonekana kwenye madabodi mpya.