Matundu Katika Dashibodi ya Ford

Tarehe 31 Machi 2032, Mwenyezi Mungu akijaalia, itatimia karne kamili tangu Henry Ford alipolitoa hadharani gari la kwanza la jina la Ford lenye injini ya V8. Wakati siku hiyo ikikaribia, ikhtilafu ya zamani miongoni mwa mafundi wa California bado haijapata kadhi wa kuikata: dashibodi ya gari la namna hiyo, ambayo imekwisha kutobolewa, kukatwa na kupakwa rangi na wamiliki kadhaa waliopokezana, je, irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, au iachiwe makovu yake?

Tarikhi ya magari hayo yaliyogeuzwa, yaitwayo hotirodi, imesimuliwa mara nyingi, nami sitaki kuwachosha wasomaji. Vijana wa kusini mwa California walichukua magari makuukuu, aghalabu ya Ford, wakayavua madigadi na kila kizito kisicho na faida, wakaziongezea injini nguvu, kisha wakaenda kuyakimbiza juu ya maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Chama chao, SCTA, kiliundwa mwaka 1937. Jarida la Hot Rod likaanza mwaka 1948. Na mwaka uliofuata mbio zikafika kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville. Huko Dean Batchelor na mwenziwe Alex Xydias waliliendesha gari lao kwa kasi iliyopita maili 190 kwa saa. Batchelor huyo ndiye aliyeandika kitabu *The American Hot Rod*, kilichotoka mwaka 1995 baada ya kufa kwake, nami nakiri kwamba mapenzi yake kwa watu wa maziwa makavu, kuliko watu wa maonyesho na rangi za kung'aa, yameniambukiza.

Dashibodi ya Ford ya 1932 ilikuwa kitu cha unyenyekevu: bati la chuma lenye kibao cha umbo la yai katikati, na juu yake geji chache tu, ambazo zilimtosha mkulima aendaye sokoni kwa gari ambalo bei yake ilianzia dola 460. Lakini kijana aliyeilazimisha injini ile izunguke kupita alivyoikusudia Ford mwenyewe, alihitaji kujua shinikizo la oili, joto la maji na idadi ya mizunguko kwa dakika, na kwa kuwa kibao kile hakikuwa na nafasi, alishika keekee akatoboa. Waliojaliwa fedha walinunua geji za Stewart-Warner za Chicago, zenye kioo kilichofura, ambazo hadi leo hutafutwa kwa bidii. Na baada ya vita, mabaki ya jeshi yalipouzwa kwa bei ya kutupa, wengine walipachika geji zilizotolewa katika ndege za kivita. Hapo pana hatari ambayo wakarabati wa leo sharti waijue: nyingi ya geji hizo zilipakwa rangi ya radiamu ili zisomeke gizani, na ingawa kemikali yake ya kung'aa imechakaa na nuru ikazimika, radiamu yenyewe, ambayo huchukua miaka kama 1,600 kupungua nusu, bado imo. Anayeikwangua kwa kisu, akavuta vumbi lake, anajitafutia maradhi kwa mkono wake.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, ulizushwa na kibao cha Auburn. Kampuni ya Auburn ya Indiana, iliyounda magari ya fahari na kufa kabla ya vita, iliacha magari yaliyouzwa kwa bei ya chuma chakavu, na vijana wakagundua kwamba kibao chake, kilichokusanya geji zote mahali pamoja kwa mpangilio wa kupendeza, kingeweza kuingizwa katika dashibodi ya Ford, mradi mtu awe na moyo wa kuikata. Wakakata. Basi leo wapo wanaosema kwamba kazi ile ilikuwa israfu maradufu, kwa kuwa iliharibu Auburn moja na Ford moja kwa pamoja, na dawa yake ni kukiondoa kibao na kulichomelea bati upya. Na wapo wanaokiona kuwa ndicho kilele cha uzuri. Kwa maoni yangu, kibao kilichotiwa mwaka 1946 na kijana aliyekuwa akienda El Mirage ni sehemu ya umri wa gari, na anayekiondoa anafuta ushahidi. Kilichotiwa juzi ni pambo tu, na mwenyewe akitaka kukiondoa, na akiondoe.

Anayeamua kuziba, asidhani kwamba puti itamsaidia, maana mtikisiko wa gari huipasua ikadondoka. Fundi hodari hukata kipande cha bati chenye unene ule ule, huweka bamba la shaba nyuma ya tundu, kwa kuwa shaba haigandi na chuma kinachochomelewa, tena hunyonya joto, kisha huchomelea nukta moja baada ya nyingine, akingoja kila moja ipoe, maana akifanya pupa, bati lote hujikunja. Ndipo hufuata nyundo ndogo, tupa na msasa. Nyuma ya bati kuna kazi nyingine: Ford walitumia umeme wa volti 6 mpaka magari ya 1955, hivyo anayetia mfumo wa volti 12 bila kuilinda geji kongwe ya umeme ataiunguza siku ya kwanza.

Mwaka 1997 mashindano ya magari ya fahari ya Pebble Beach, yaliyoanza mwaka 1950, yalizipa hotirodi daraja lao kwa mara ya kwanza. Aliyeshinda ni Bruce Meyer, kwa Ford ya 1932 ambayo zamani ilikuwa ya Doane Spencer, mtu aliyeanza kuitayarisha kwa mbio za Mexico za Carrera Panamericana, mbio zikafutwa baada ya 1954. Gari lilipita katika mikono kadhaa kabla ya karakana ya Pete Chapouris kulirudisha katika hali yake ya zama za Spencer. Kipimo kilikuwa Spencer, wala si Ford, na waliotaka kila tundu lizibwe walipata jibu ambalo wengi wao hawajalikubali.

Tangu hapo hakuna mengi ya kusimulia. Kampuni ya Brookville ya Ohio hutengeneza bodi mpya za chuma za Ford ya 1932, vibao vya mfano wa Auburn huuzwa vikiwa tayari, na mwenye fedha anaweza kupata dashibodi ambayo haijawahi kuguswa na keekee ya mtu yeyote. Baadhi ya wenye fedha hao, wakiisha kuinunua, huilipia tena fundi ili aikwaruze na kuifubaza, ionekane imepitia El Mirage.