Ghuba ya Tanga na Marehemu Wake



Sisi tukaao huku Lushoto tumezoea kuiona Tanga kuwa mji wa kwendea kununua bidhaa, au kwenda kumwona Askofu. Twasahau jinsi ghuba ile ilivyofungamana na milima hii. Mto Zigi, utokao katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, huishia humo. Katikati ya maji kipo Kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya Wajerumani. Jina lake ni la Kijerumani, nalo lahusu wafu.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, wakiyalenga mashamba ya bara. Ilifika Mombo, chini kabisa ya milima yetu, mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Reli hiyo ya kubebea mazao ndiyo iliyoamua vita vya ghuba.

Tarehe 2 Novemba 1914, siku ambayo Mama Kanisa huwaombea Marehemu Wote, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia ghubani kuutaka mji usalimu amri. Nyuma yake kulikuwa na meli zilizochukua askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Mji ulikuwa karibu hauna ulinzi. Lakini Waingereza walikawia, na wakati huo garimoshi zilikuwa zikishuka kutoka Moshi na askari wa Lettow-Vorbeck, ambao jumla yao ilikuwa kama 1,000 tu. Tarehe 4 mapigano yalipamba moto karibu na Raskazone. Nyuki nao, wakiisha kuchokozwa na risasi, wakawauma watu wa pande zote mbili. Baadhi ya Waingereza walidai baadaye kuwa ulikuwa mtego. Kisingizio chepesi, kwa kuwa jenerali wao alidharau upelelezi. Kesho yake waliondoka, wakiacha silaha nyingi ufukweni. Zaidi ya 800 kati yao walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Waliokufa walikuwa akina nani? Huku wengi walikuwa Wahindi, kule wengi walikuwa Waafrika waliovaa sare ya Kaisari wa Ujerumani. Hawakuwa na ugomvi wowote kati yao. Waingereza waliutwaa mji Julai 1916, na vitabu vikabaki na majina ya majenerali.

Katika Misa ya tarehe 2 Novemba tutawaombea hao pia, Wahindu, Waislamu na Wakristo, ingawa majina yao mengi hatunayo.