Ndege hugeuza siku hiyo hiyo, marubani hapana

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways walianza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Siku hizo tulipewa takwimu nyingi: Boeing 787-8, viti 234, tani 85 za mafuta kila upande, muda wa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Watu wengi walishangazwa na mafuta. Mimi ninayekula kwa kuandika programu nilikwama kwenye nambari mbili ndogo: marubani 4 na wahudumu 12. Ndege hiyo huendeshwa na marubani wawili. Hao wengine wawili ni wa nini?

Ili kujibu, turudi Marekani enzi za ndege za propela. Sheria ya huko wakati huo ilisema rubani wa safari za ndani asiruke zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Novemba 1953 American Airlines wakaanza kuvuka nchi hiyo pwani hadi pwani bila kutua, kwa Douglas DC-7. Kuelekea mashariki upepo unakusukuma. Kuelekea magharibi unakupiga usoni, na safari inapita saa 8 kwa kidogo tu. Ufanye nini? Njia moja ni kukimbia zaidi. Injini za DC-7 zilikuwa zikiharibika mara kwa mara angani, na wapo waliosema chanzo ni kukazwa mno ili ratiba itimie. Njia ya pili ni kuomba sheria ilegezwe. Hilo nalo liliwaudhi marubani, na mwaka 1954 wakagoma. (Wenzangu wa fani hii mnaijua tabia hii: programu ikifeli jaribio, mtu anaomba jaribio libadilishwe!)

Njia ya tatu ni kubeba watu wa kupokezana. Hapa kuna jambo linalonichekesha. Kwa miaka mingi mashine zilikuwa zikiwatoa watu kwenye chumba cha rubani: akaondoka mtu wa redio, akaondoka msoma ramani, na Boeing 747-400 ilipoanza kazi mwaka 1989 injinia wa ndege naye hakuwa na kiti. Wakabaki wawili. Lakini ndege zikazidi kwenda mbali, ikabidi watu warudishwe, safari hii ili walale! Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Januari 2014 inasema wazi: marubani 3 wanaweza kuruka hadi saa 13, marubani 4 hadi saa 17. Tena inaangalia wanalala wapi. Mwenye kitanda cha kujinyoosha anaruhusiwa zamu ndefu kuliko mwenye kiti cha kulaza nyuma. Ndiyo maana 787 ina vitanda vya wafanyakazi juu ya dari, abiria asikoona.

Singapore Airlines ndio waliofika mbali zaidi. Juni 2004 walianza Singapore hadi Newark kwa Airbus A340-500, zaidi ya saa 18 angani, wakiwa na makapteni wawili na marubani wasaidizi wawili. Tangu 2001 Airbus, Boeing na Flight Safety Foundation walikuwa wakikutana na wataalamu wa usingizi kujadili safari zinazozidi saa 16. Swali halikuwa kama ndege itafika. Swali lilikuwa kama mtu anayeitua atakuwa macho kweli.

Sasa turudi Nairobi tupige hesabu. Kwa ratiba iliyotangazwa, ndege inatoka JKIA saa 5:25 usiku, inafika JFK asubuhi saa 12:25, na inaondoka tena saa 6:25 mchana. Inakaa chini muda wa saa 6. Chuma hakichoki. Waliokileta, hata waliolala kidogo angani, hawawezi kukirudisha mchana huo. Wataenda hotelini, na mapema kabisa watarudi na ndege ya kesho yake, iliyoletwa na wenzao. Kwa hiyo ndege na watu wake wana ratiba mbili tofauti.

Tuseme kundi linaondoka Jumapili usiku, linarudi Jumatano asubuhi, kisha linapumzika hadi Jumapili. Mzunguko ni siku 7. Safari ikiwa ya kila siku unahitaji makundi 7, yaani marubani 28 na wahudumu 84, kwa njia moja tu! Hapo hujahesabu likizo, ugonjwa wala mafunzo. Na rubani yeyote tu hafai, lazima awe na kibali cha aina hiyo ya ndege. Siku 7 ni mfano wangu, lakini badilisha upendavyo uone nambari inavyopanda.

Kuna mtego mwingine siku ya kwanza kabisa. Ndege ya kwanza inayorudi inahitaji kundi lililokwisha kulala kule, na kule hakuna aliyewahi kufika kwa njia hiyo. Shirika lina chaguo mbili: kutanguliza watu wakiwa abiria, au kuiacha ndege isubiri hadi waliokuja nayo walale.

Kompyuta zinasaidia, na si jambo la jana. Mwaka 1973 Rubin wa IBM alichapisha mbinu ya kuchagua, kati ya mizunguko mingi mno ya wafanyakazi, ile inayogusa kila safari kwa gharama ndogo. Mwaka 1994 kule Göteborg, Uswidi, ikaanzishwa kampuni ya Carmen Systems kwa kazi hiyo hiyo, na Jeppesen wakainunua mwaka 2006. Ila kwa maoni yangu ugumu wa programu hizo uko kwenye safari fupi nyingi za siku moja. Safari moja ndefu ni hesabu ya daftari. Kinachouma ni kulipa watu 28 kabla hujajua kama viti vitajaa.

Singapore Airlines waliacha Newark mwaka 2013, kwani A340-500 yenye injini nne ilikunywa mafuta mno. Walirudi Oktoba 11, 2018, siku 17 kabla ya KQ kuruka, kwa Airbus A350 ya injini mbili. Marubani ni wale wale wanne.