Mota ya mashine ya kusaga: 1440 au 2880, ipi inafaa?

Mwenye mashine ya kusaga akichoka na bei ya dizeli, hatua inayofuata ni kufunga mota ya umeme. Hapo ndipo wengi hupata hasara. Iwe Bisibo, Nyakahura au Rulenge, swali la kwanza dukani huwa ni "HP ngapi?" Swali la pili, ambalo wengi hulisahau, ni mota inazunguka mara ngapi kwa dakika.

Kwa nini 1440 na 2880?

Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50. Kwa umeme huo, mota ya kawaida yenye nguzo mbili za sumaku huzunguka karibu mara 2880 kwa dakika, na ya nguzo nne karibu mara 1440. Mota mbili zinaweza kuwa na HP sawa lakini mzunguko tofauti kabisa. Kwa macho hazitofautiani sana, hivyo asomewe au asome mwenyewe kibao cha mota, palipoandikwa RPM au r/min.

Hesabu ya puli

Mzunguko wa mota, mara kipenyo cha puli ya mota, gawanya kwa kipenyo cha puli ya mashine. Jibu ndio mzunguko wa mashine.

Mfano: injini ya dizeli inazunguka 2200, puli yake ni inchi 8, ya mashine ni inchi 6. Mashine inazunguka kama 2930. Inasaga vizuri tu.

Sasa injini inatolewa, mota inafungwa, puli zinaachwa zilezile:

- Mota ya 1440: mashine inashuka hadi 1920. Unga unatoka taratibu, nafaka inajaa ndani, wateja wanapanga foleni.
- Mota ya 2880: mashine inapanda hadi 3840. Hii ni hatari. Nguvu inayovuta nyundo kutoka kwenye pini zake inaongezeka kwa takriban asilimia 70. Pini ikikatika, nyundo inaweza kutoboa bodi na kumuumiza mtu. Mota nayo inazidiwa, inachemka na kuungua.

Dawa ni kubadili puli ya mota: inchi 12 kwa mota ya 1440, au inchi 6 kwa mota ya 2880. Zote mbili zinaipa mashine 2880. Ila kiwango cha mwisho ni kile kilichowekwa na mtengenezaji wa mashine, sio kile cha jirani.

Ipi achague?

Kwa mashine ya mkanda, 1440 mara nyingi ndiyo salama zaidi. Kwa HP ileile ina msukumo mkubwa kwenye shafti, na beringi zake zinazunguka taratibu. Pia inafaa kwa anayetaka kukoboa kwa mota hiyohiyo, maana kinu cha kukoboa huhitaji mzunguko mdogo. Ya 2880 kwa kawaida ni ndogo na nyepesi zaidi kwa HP ileile, na inafaa pale mashine inapofungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota bila mkanda.

Kabla ya kuwasha

- Mota ya HP 20 ni kama kilowati 15. Hiyo inahitaji umeme wa njia tatu.
- Mashine ikizunguka kinyume, fundi azime umeme kwanza, kisha abadilishane waya mbili kati ya tatu za njia.
- Mkanda na puli vifunikwe. Nguo, hasa kanga na shuka, hunaswa haraka.
- Mashine ikiwa inasaga, fundi apime ampea. Zikizidi zilizoandikwa kwenye kibao, apunguze nafaka inayoingia au puli ya mota.

Puli ni bei ndogo ukilinganisha na kusuka upya waya za mota iliyoungua. Hesabu ya dakika mbili kwenye simu inaweza kuokoa mtaji wote.